Nyota ya Ncha Tatu Kwenye Njia ya Uganda

Malaba huamshwa na injini. Kabla jua halijachomoza upande wa Bungoma, madereva wa trela huwasha magari yao kwenye foleni ili breki zijae upepo, na mngurumo huo hutangulia sauti nyingine zote za mji. Asubuhi moja nilisimama kando ya foleni hiyo, chai ya maziwa mkononi, nikisoma nembo. Zilikuwapo Scania, zilikuwapo DAF, zilikuwapo Howo za Uchina ambazo rangi yake haijapauka. Lakini nyota ya ncha tatu ilijirudia kuliko nilivyotarajia: kwenye Actros zilizobeba makontena, kwenye Axor zilizokwisha kubadilishwa injini, na kwenye lori moja kuukuu ambalo nyota yake iling'oka zamani, kikabaki kitundu tu kwenye grili. Utingo aliyekuwa akifuta kioo cha lori hilo aliniambia kwamba nyota kupotea si neno, mradi kilicho chini ya kebini ni cha Benz kweli.

Kwa Wakenya wengi wa rika langu, Mercedes-Benz ni gari la kiti cha nyuma. Tulilijua kwa kusimama kando ya barabara, sare za shule zimefuliwa, vibendera vya karatasi mikononi, tukingoja msafara wa mkubwa tangu asubuhi hadi saa tisa. Likifika lilipita kwa muda wa kupepesa jicho, vioo vimepandishwa, na vumbi lake likatushukia sote sawa. Sikuwahi kumwona aliyekaa ndani. Dereva wake ndiyo kabisa, sikumfikiria hata siku moja.

Ndiyo maana nilitaka kulifuata gari hili kwa njia nyingine, ile iendayo kutoka Mumias hadi Busia, na kutoka Busia hadi Malaba. Ninaamini heshima ya nyota ile katika nchi zetu ilichumwa barabarani, kwa matope na dizeli na watu walioshika usukani, kisha ikatumiwa na wale waliokuwa nyuma yao wakisoma gazeti.

Njia yenyewe ni kongwe kuliko gari. Miaka ya 1880 misafara ya pwani ilipaita Mumias Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, mtawala wa Wanga na baba yake Nabongo Mumia. Hapo wapagazi walipumzika na kununua chakula kabla ya kuingia Busoga. Joseph Thomson alifika 1883. Oktoba 1885 alifika Askofu James Hannington, akawaacha hapo wapagazi wake wengi, akaendelea na watu 50 hivi kuelekea Buganda. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Miezi mitatu kamili baadaye, tarehe 29 Januari 1886, mhandisi wa mji wa Mannheim aitwaye Carl Benz aliomba hataza ya gari la magurudumu matatu linaloendeshwa na injini yake lenyewe. Hataza hiyo ilipewa nambari 37435. Injini ilikuwa ya silinda moja na nguvu yake haikufikia hata ya farasi mmoja. Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu moja tu: nilipokuwa nimesimama Mumias nilitaka kujua saa ya dunia ilisomaje wakati huo. Huku, mzigo wa kilo 30 hivi ulikuwa juu ya kichwa cha mtu aliyetoka Mombasa kwa miguu. Kule, mtu alikuwa akijaribu kumwondoa farasi mbele ya mkokoteni.

Mjerumani aliyeacha kumbukumbu kali kwenye njia hii alikuja na bunduki. Carl Peters alifika Kwa Sundu Februari 1890, akafungua barua zilizokuwa zikimngoja Mwingereza Frederick Jackson, aliyekuwa amekwenda upande wa Mlima Elgon. Akishajua habari za Buganda, alikimbilia kwa Mwanga na kupata mkataba. Haukumfaa. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya Heligoland na Zanzibar, na Uganda ikabaki upande wa Waingereza. Hao ndio waliofungua barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani, ile inayotajwa kwa majina ya Mackinnon na Sclater, iliyofika Busia katika muongo huo wa 1890. Mpaka wenyewe ulikuja baadaye. Hadi 1902 ardhi hii yote, tangu Busia kwenda mashariki hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Aprili mwaka huo mstari ulisogezwa, na Wateso na Wasamia wakajikuta wana shangazi nchi nyingine bila wao kuhama.

Kutoka Mumias nilipitia Nambale hadi Busia, na njiani nilikuwa nikimfikiria mwanamke mmoja. Katika historia yote ya kampuni hii, yeye ndiye ambaye madereva wa foleni ya Malaba wangemtambua mara moja kuwa ni mwenzao.

Bertha Benz ndiye aliyetoa mahari yake mwenyewe kuokoa karakana ya mumewe. Miaka miwili baada ya hataza, gari lilikuwa halinunuliwi. Watu walilitazama, wakalicheka, wakaenda zao. Agosti 1888, bila kumwambia mumewe, Bertha aliwaamsha wanawe wawili, Eugen na Richard, wakalisukuma gari nje na kuondoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita 100. Hapakuwa na kituo cha mafuta popote duniani. Mafuta yalipopungua alinunua ligroini, dawa ya kuondolea madoa, kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa kuwashia ulipochubuka aliufunga kwa mkanda wa soksi. Breki za mbao zilipokwisha alimwomba fundi viatu azigongomee ngozi, na hivyo akawa amebuni kile ambacho leo mafundi wetu wanakiita laini za breki. Kwenye mlima vijana walishuka wakasukuma. Walifika jioni, wakatuma simu ya maandishi nyumbani.

Safari hiyo naipenda kuliko sura nyingine yoyote ya historia ya magari. Mtu aliyethibitisha kwamba gari linafaa kwa binadamu alifanya hivyo kwa kuharibikiwa njiani na kutengeneza kwa alichokuwa nacho mwilini. Kila utingo aliyewahi kufunga bomba kwa ukanda wa tairi kati ya Eldoret na Malaba ameendeleza kazi ya mama huyo.

Mambo mengine ya Ujerumani niyapitie upesi. Karibu na Stuttgart, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walikuwa wakiunda injini zao bila kushirikiana na Benz. Mfanyabiashara Emil Jellinek, aliyeuza magari ya Daimler kwa matajiri wa Nice, alidai mwaka 1900 apewe gari jipya lenye kasi na liitwe kwa jina la binti yake, Mercédès. Nyota ya ncha tatu ilisajiliwa 1909, kila ncha ikiwa na maana: nchi kavu, maji na anga, mahali ambapo injini za Daimler zilikusudiwa kufanya kazi. Kampuni hizo mbili ziliungana Juni 1926 na kuwa Daimler-Benz. Mwaka 1936 ikatoka 260 D, miongoni mwa magari ya kwanza madogo ya dizeli kuuzwa kwa watu, na wateja wake wakubwa walikuwa madereva wa teksi. Hapo ndipo ninapoona mzizi wa kilichofika Malaba.

Kuna sura isiyopitwa upesi. Wakati wa Vita vya Pili, kampuni hii iliutumikia utawala wa Hitler. Alipanda magari yake makubwa hadharani, viwanda vyake vilitengeneza injini za ndege za kivita, na kufikia mwisho wa 1944 karibu nusu ya waliokuwa wakifanya kazi humo walikuwa watu waliolazimishwa: mateka wa vita, raia waliokamatwa katika nchi zilizovamiwa, na wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni yenyewe imekiri hayo. Anayeisifu nyota bila kuwataja watu hao anaisifu nusu.

Busia niliingia mchana, jua likiwa juu ya mabati. Ni mji mmoja uliokatwa katikati. Tangu Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri hugongewa pasi za nchi mbili chini ya paa moja. Lakini wenyeji wa rika la wazee wanakumbuka eneo la wazi lililokuwa kati ya geti la Kenya na geti la Uganda, ambapo abiria alishushwa na mzigo wake, akabaki akitafuta namna ya kufika ng'ambo. Vijana wenye baiskeli walifunga kiti cha sponji nyuma, wakaanza kuita wateja kwa kutaja safari yenyewe, kutoka boda hadi boda. Hiyo ilikuwa miaka ya 1960. Neno likashika, likaenea Afrika Mashariki, na leo pikipiki ya Kigoma hubeba kumbukumbu ya Busia bila kujua.

Muongo huohuo Kiswahili kilizaa neno jingine kutokana na chombo cha kusafiria. Uhuru ulikuja, bendera zikabadilika, na watu wakaona kwamba waliochukua ofisi za wakoloni wamechukua pia magari yao. Wakawapa jina kwa kanuni ileile inayowapa jina Wateso, Wasamia na Wakhayo: Wabenzi. Walikuwa kabila jipya. Nimelifikiria sana neno hilo nikiwa nimesimama Busia, ambako makabila halisi yaligawanywa na mstari wa 1902 na kwa miaka mingi mtu alihitaji karatasi ili akamzike mjomba wake. Wabenzi hawakusimamishwa. Kizuizi kiliinuliwa walipoonekana kwa mbali. Chini, kwenye vumbi, kijana mwenye baiskeli alimpakia mama na gunia lake la mahindi kwa senti chache. Maneno mawili, boda boda na Wabenzi, yana umri mmoja, na kwangu mimi hakuna kitabu kinachoeleza muongo ule wa uhuru kwa ufupi kuliko hayo mawili yakiwekwa pamoja.

Waandishi waliliona. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika mkusanyiko wake wa hadithi fupi uliotoka 1975, aliandika juu ya wagombea wa ubunge wanaoshindania mazishi ya maskini mmoja hadi anatengenezewa jeneza lenye umbo la Mercedes. Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 liliweka masharti ya viongozi, wasiwe na hisa wala nyumba za kupangisha wala mishahara miwili, na ari iliyoleta masharti hayo ndiyo iliyowafanya wananchi walitamke neno Wabenzi kwa uchungu.

Lakini kabla ya Wabenzi kuna jambo ambalo wengi wamelisahau, nalo ndilo lililonitoa nyumbani. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari ya Coronation Safari, yaliyokuja kuitwa East African Safari, na uwanja wake ulikuwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa yakifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yakiwa yameanza, kwenye barabara za udongo ambazo kwa saa moja zilikuwa vumbi na saa inayofuata utelezi. Mwaka 1959 yalishindwa na Bill Fritschy na Jack Ellis kwa Mercedes-Benz 219. Mwaka 1960 wakashinda tena, watu walewale, aina ileile ya gari. Mwaka 1961 akashinda John Manussis kwa 220 SE. Pasaka tatu mfululizo nyota ile iliongoza, na haikuongoza kwa kupendeza. Iliongoza kwa sababu wakati magari mengine yalivunjika shokamzoba na kukatika ekseli, yenyewe ilifika.

Gari la Manussis lilikuwa na siri iliyofichwa kwenye bati. Toleo hilo la 1959 lilikuwa la kwanza kuuzwa likiwa na bodi iliyobuniwa ijikunje mbele na nyuma inapogongwa, ili nguvu ya mgongano iishie kwenye chuma badala ya mbavu za abiria. Aliyewaza hivyo ni mhandisi Béla Barényi. Baadaye kampuni hiyohiyo ilileta breki zisizofunga magurudumu, mwaka 1978, na miaka michache baadaye mfuko wa hewa kwenye usukani. Leo vitu hivyo vimo katika magari madogo ya bei ya chini yanayopita Busia kila siku. Mvuto wa Mercedes unaozungumzwa mitaani ni ngozi ya viti na ukimya wa injini. Mimi huuona zaidi katika hili, kwamba walichokianzisha kwa matajiri kilikuja kuokoa mbavu za wasio na kitu.

Na haki itendeke kwa Wafaransa. Aliyembeba mwananchi wa magharibi mwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 alikuwa Peugeot, 404 kisha 504 ya abiria, ikisukumana kutoka Kisumu hadi mpakani, mizigo imefungwa juu. Mercedes haikuwahi kuwa gari la watu hapa kama ilivyokuwa Afrika Magharibi na Morocco, ambako W123, modeli iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1985 kwa idadi inayokaribia milioni 2.7, ilikuwa teksi ya kila mtu. Kwetu ilikuja kwa milango miwili tu: mlango wa mkubwa, na mlango wa lori.

Kutoka Busia nilishika barabara ya kaskazini kwenda Malaba, nikipita Alupe. Katika kijiji kimoja kando ya barabara hiyo nilioneshwa W123 ya dizeli iliyokaa chini ya mwembe, rangi ya maziwa iliyogeuka kuwa ya mchanga. Mwenye nyumba, mzee wa miaka karibu themanini, alifungua boneti mwenyewe.

"Halijafa, mwanangu," aliniambia. "Linangoja pampu tu."

Nilimuuliza alilipata wapi. Akasema, wakati wa kahawa. Hakuongeza neno, nami sikumlazimisha, maana katika ukanda huu maneno hayo yanatosha.

Kwa msomaji wa mbali, nieleze. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Baadhi yao walitoka kwa treni ya Kampala kwenda Mombasa, ile reli iliyofika Kampala mwaka 1931, na lango lao la kuingia Kenya lilikuwa Malaba. Njiani walinyang'anywa saa, pete na fedha kwenye vizuizi vya askari. Maduka, viwanda na magari waliyoyaacha yaligawiwa watu wa utawala, na Waganda wakawapa hao wapya jina la Kiswahili: mafuta mingi. Huku Wabenzi, kule mafuta mingi, lugha moja ikiwasuta matajiri wa pande mbili za mpaka mmoja.

Kisha Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil na bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima wa Uganda alilipwa na serikali ya Amin kwa shilingi iliyokuwa ikiyeyuka. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na shilingi ya Kenya. Kahawa ikaanza kutembea usiku: kichwani, kwenye baiskeli, mgongoni mwa punda, hadi kwenye soko la Chepkube, kaskazini mwa Malaba, upande wa Bungoma. Magendo hayo yaliwatajirisha watu kwa msimu mmoja. Walimu waliacha chaki. Nyumba za mabati na matofali zilisimama palipokuwa na nyasi, na fedha zilipozidi matofali zilikwenda Nairobi kununua gari. Lilinunuliwa lile ambalo kila mtu alikuwa amefundishwa kwa miaka kumi kwamba ndilo gari la aliyefika.

Siwalaumu kwa kulitamani. Ni nani aliyewaonesha kipimo kingine cha heshima? Lakini kahawa ile ilikuwa jasho la mkulima wa Bugisu ambaye hakupata hata sehemu ndogo ya bei yake, na wapo waliopigwa risasi wakivuka. Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, akiutumia mpaka wa zamani wa kabla ya 1902. Julai mwaka huo, baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe, uhusiano wa nchi hizi mbili ukaharibika, Kenya ikabana mafuta, na malori yakasimama. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Watu wa Busia na Malaba waliulipia ugomvi ule kwa mifuko yao, maana mpaka ukifungwa hapa hakuna shamba jingine.

Kampala ilianguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Wiki hiyohiyo ya Pasaka, Kenya ilikuwa na Safari Rally, sasa ikiwa mashindano ya Kenya peke yake. Mercedes ilirudi na 450 SLC, gari kubwa la injini ya lita tano, likiendeshwa na Hannu Mikkola wa Finland. Lilimaliza la pili. Aliyelishinda kwa Datsun ndogo alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, wa familia ya mashamba, aliyehamia Kenya Amin alipowafukuza Waasia. Nilipoligundua hilo niliweka kalamu chini. Mtoto wa waliofukuzwa alilishinda gari la wakubwa juma lileile ambalo mkubwa aliyewafukuza alikimbia. Mercedes haikuwahi tena kushinda Safari baada ya ile ya 1961.

Wabenzi nao walipata siku yao. Juni 2009, Waziri wa Fedha wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza katika bajeti kwamba magari ya mawaziri yasizidi injini ya 1800cc, na serikali ikanunua Volkswagen Passat kwa ajili yao. Baadhi yao walisita kuzirudisha Mercedes. Kwa mtu anayelipa kodi, kusita huko kulieleza mengi: gari lilikuwa limekwisha kuwa cheo.

Malaba nilifika jioni, foleni ikiwa ndefu tena. Mwaka 2020, janga la korona lilipofanya kila dereva apimwe kabla ya kuvuka, foleni hii ilirefuka makumi ya kilomita, na wanaume waliotoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, walilala chini ya trela zao siku kadhaa mvua ikinyesha. Walipigiwa kelele kwamba wanaleta ugonjwa. Mafuta, dawa na ngano za Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki zilikuwa juu ya magurudumu yao.

Kwenye kiwanja cha gereji kando ya barabara kuu, fundi mmoja aliyezoea kufungua injini za Mercedes alinionesha kwa vidole vyeusi kwa nini malori haya yanadumu: injini inafunguliwa yote, silinda zinavalishwa upya, na inarudi barabarani; vipuri vinapatikana kuanzia Mombasa hadi Kampala; bolti haibadiliki umbo ukiifungua mara ya tano. Alinieleza pia kinachomsumbua. Lori la sasa lina kompyuta nyingi, na bila mashine ya kuisoma kompyuta hiyo fundi hasogei. Vivyo hivyo kwa Mercedes ndogo zilizotumika Japani na Uingereza, zile zinazopita hapa kwa magurudumu yake zikielekea Uganda, karatasi za forodha zimebandikwa kiooni. Zinang'aa, zinanyamaza, na taa moja nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi mwenyewe hana wa kumkimbilia karibu. Hukumu yangu ni kwamba kampuni iliyozaliwa na mwanamke aliyetengeneza gari kwa pini ya kofia imekwenda mbali mno na pini hiyo. Ingerudi nusu ya njia, isomeshe mafundi wa Malaba, Busia na Tororo, iwauzie vifaa kwa bei wanayoiweza. Wao ndio walioilinda nyota hii isichafuke.

Katika safari hii yote niliandika majina mengi: Benz, Daimler, Fritschy, Manussis, Mikkola, marais na mawaziri. Jina moja tu lilinishinda kila mahali, la mtu aliyekuwa ameshika usukani. Dereva wa waziri aliyepita mbele ya shule yetu. Dereva wa lori la kwanza la Mercedes lililovuka Malaba na mzigo. Utingo aliyelala chini ya trela 2020. Sikulipata kwenye gazeti wala kwenye kibao.

Ninaiomba Kaunti ya Busia iwahoji madereva na mafundi wazee wa miji hii miwili wangali hai, na kauli zao zihifadhiwe pamoja na kadi zao za kazi na picha zao. Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna picha ya baba au babu amesimama kando ya Benz, lori au gari dogo, hapa mpakani au mahali pengine kwenye njia hii, itoe kwenye albamu leo, uandike nyuma yake jina la dereva na mwaka.